L'Aquila 2009: aliyesema litatokea alikosea, waliosema halitatokea wakakosea zaidi

Usiku wa kuamkia Aprili 6, 2009, mji wa L'Aquila pale katikati ya Italia ulitikisika mara mbili kabla ya lile tetemeko lenyewe. La kwanza saa 4 na dakika 48 usiku, ukubwa 3.9. La pili saa 6 na dakika 39, ukubwa 3.5. Hayo sio matetemeko ya kuangusha nyumba, ni yale ya vikombe kugongana kabatini na taa kuyumba, ila kwa watu wa pale ilikuwa kama mtu anagonga mlango usiku wa manane, na kila familia ikabaki na swali moja la kujibu kabla ya kurudi kitandani, tutoke nje au tubaki?

Sasa hapa lazima mjue kitu kuhusu huu mji. L'Aquila wamezoea. Walipigwa 1349, wakapigwa 1461, wakapigwa 1703 mji ukabaki kifusi na maelfu wakafa. Kwa hiyo wazee wa pale walikuwa na desturi ambayo hakuna profesa aliyewafundisha, ardhi ikitikisika usiku unachukua blanketi, unachukua watoto, unatoka, unalala kwenye gari au uwanjani mpaka kupambazuke, hata kama ni baridi na hata kama majirani wanakucheka. Watu walirithi hivyo kutoka kwa baba na babu zao.

Usiku ule wengine walitoka kama kawaida yao. Wengine wakabaki ndani. Saa 9 na dakika 32 usiku likaja lenyewe, ukubwa 6.3, kina kifupi tu cha kilomita kama 9 chini ya ardhi, karibu kabisa na mji. Watu 309 wakafa, zaidi ya 60,000 wakakosa pa kuishi. Kijiji cha Onna kilichopo jirani, chenye watu wasiozidi mia tatu na kitu, kilipoteza watu kama 40. Bweni la wanafunzi likaanguka likaua vijana 8.

Na baadhi ya wale waliobaki ndani, ndugu zao walikuja kusema mahakamani kwamba walibaki kwa sababu ya kitu walichosikia kwenye TV siku sita kabla. Ndo maana kisa hiki nakirudia kila mtu akiniuliza lile swali la "hivi tetemeko linaweza kutabiriwa?" Maana wengi wanakijua nusu tu. Wanajua kuna wanasayansi Italia walifungwa eti kwa kushindwa kutabiri tetemeko. Hiyo sio kweli, na ukweli wenyewe una utamu na uchungu zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia majira yale ya baridi ardhi ya L'Aquila ilikuwa inatikisika tikisika, vitetemeko vidogo vidogo kibao, vingine hata hauvisikii mashine ndo zinavisikia, na kuanzia Januari 2009 vikazidi. Wataalamu wanaita kundi la mitetemo, yaani sio tetemeko moja kubwa na vitoto vyake bali mfululizo usio na kichwa wala mkia. Wiki zinapita miezi inapita, watu hawalali vizuri, shule zinafungwa zinafunguliwa. Kama ulikuwa Arusha au Nairobi Julai 2007 unaijua hiyo hali, pale chini karibu na mlima Gelai na Ol Doinyo Lengai palipokuwa panatikisika siku baada ya siku, kubwa kuliko yote likafika 5.9, Nairobi watu wakawa wanashuka ngazi za maghorofa mbio, alafu baadae Septemba Lengai ikalipuka. Kile kiherehere cha kila saa kuuliza "umesikia?" ndo hicho hicho, ila wenzetu walikaa nacho miezi.

Katikati ya hali hiyo akatokea jamaa anaitwa Giampaolo Giuliani. Huyu alikuwa fundi wa maabara, amefanya kazi kwenye ile maabara kubwa ya fizikia iliyo chini ya mlima Gran Sasso, sio mtaalamu wa matetemeko kwa kusomea. Alitengeneza mashine zake mwenyewe za kupima gesi ya redoni. Redoni ni gesi yenye mionzi inayotokana na urani iliyomo kwenye miamba, haina rangi haina harufu. Hoja yake ni kwamba mwamba ukibanwa sana kabla ya kukatika unapata nyufa ndogo ndogo, redoni iliyokuwa imenaswa ndani inatoka kwa wingi, wewe ukiipima juu unajua chini kuna kitu kinakuja.

Hoja sio ya kijinga, tusimcheke. Watu wazima wenye shahada zao wamelichimba hilo jambo la redoni tangu miaka ya sitini na sabini, Urusi ya wakati ule, Uchina, Japani, Marekani. Shida ni moja, redoni inapanda pia mvua ikinyesha, inapanda hewa ikibadilika uzito, inapanda maji ya chini yakisogea, na mara nyingine inapanda tu. Inapanda tetemeko halitokei, na tetemeko linatokea haijapanda. Ni kama mbwa anayebweka kila usiku, siku mwizi akija kweli utasema alibweka, lakini jana alibweka nini?

Mwishoni mwa Machi Giuliani akapiga kelele. Ila sikilizeni vizuri maana hapa ndo stori ya mtaani inapopinda. Hakusema L'Aquila Aprili 6. Alisema Sulmona. Sulmona ni mji mwingine, uko kilomita hamsini na kitu kusini mashariki, na alimwambia meya wa kule kwamba tetemeko kubwa linakuja ndani ya masaa. Magari yenye vipaza sauti yakapita mitaani, watu wakatoka majumbani, wengine wakakimbia mji kabisa. Machi 29. Masaa yakapita, siku ikapita, hakuna kitu. Jamaa akaripotiwa polisi kwa kosa la kuzua taharuki, akaambiwa aziondoe taarifa zake kwenye intaneti.

Hebu jiulize, kama mamlaka wangemsikiliza kwa asilimia mia wakahamisha Sulmona yote, wangeipeleka wapi? Mji mkubwa wa jirani, makao makuu ya mkoa, wenye hospitali na hoteli na vyumba vya kulala wageni ni upi? L'Aquila. Ungewatoa watu palipokuwa salama ukawalaza juu ya ufa wenyewe. Kutabiri tetemeko maana yake ni kusema vitu vitatu kwa pamoja, wapi, lini, na kubwa kiasi gani. Ukisema "litatokea tetemeko Italia mwaka huu" hujasema kitu, kila mwaka linatokea. Giuliani alitaja mahali akakosea, akataja siku akakosea. Baada ya maafa alitokea kwenye vyombo vya habari akidai aombwe radhi, na dunia nzima ikamuandika kama nabii aliyekataliwa kwao. Mi namhurumia kidogo, alikuwa na nia njema na aliogopa kweli, ila nabii hakuwa.

Lakini tatizo kubwa halikuwa yeye. Tatizo ni jinsi wakubwa walivyomjibu.

Machi 30 likaja tetemeko la 4.1 pale pale L'Aquila, la mchana kweupe, watu wakakimbilia barabarani. Kwa hiyo mna mji unaotikisika miezi mitatu, mna jamaa wa redoni amewatia watu hofu, na sasa mna hilo la 4.1. Mkuu wa idara ya ulinzi wa raia, ile inayohusika na maafa nchi nzima, Guido Bertolaso, akaamua kuita kikao cha Tume ya Majanga Makubwa. Hii tume kazi yake ni kuishauri serikali kisayansi na kawaida inakaa Roma. Safari hii wataalamu wakapelekwa L'Aquila kwenyewe, Machi 31. Kwa nini? Jibu lilijulikana baadae sana, Januari 2012, magazeti yalipotoa rekodi ya simu ya Bertolaso iliyonaswa na wapelelezi waliokuwa wanafuatilia mambo mengine kabisa. Kwenye ile simu anamwambia kiongozi mmoja wa mkoa kwamba anawaleta hao wataalamu wakubwa kabisa wa Italia, na kwamba hasa hasa hiyo ni shughuli ya vyombo vya habari, lengo watu watulie.

Umeona? Kikao kilikuwa na jibu kabla hakijakaa.

Na waliokuwa kikaoni sio watoto. Enzo Boschi, rais wa taasisi ya taifa ya jiofizikia na volkano, Franco Barberi mtaalamu wa volkano, Giulio Selvaggi aliyekuwa anaongoza kituo cha taifa cha matetemeko, Claudio Eva, Gian Michele Calvi, Mauro Dolce, hao ni watu ambao Ulaya nzima walikuwa wanaheshimika. Pamoja nao Bernardo De Bernardinis, naibu wa Bertolaso, yeye fani yake ilikuwa uhandisi wa mambo ya maji. Wakakaa kama saa moja. Saa moja jamani, kwa mji wenye watu sabini elfu unaotikisika tangu Januari. Harusi ya mtaani vikao vyake vinachukua muda mrefu kuliko hivyo.

Kilichosemwa ndani, ukisoma muhtasari, hakikuwa kibaya. Boschi alisema haielekei kwamba tetemeko kama lile la 1703 litatokea karibuni, ingawa uwezekano huo hauwezi kuondolewa kabisa. Hiyo ni sentensi ya kisayansi safi, hata leo mtaalamu yeyote angesema hivyo hivyo. Wakasema pia kwamba kundi la mitetemo midogo lenyewe sio dalili ya kubwa, na kwamba hakuna anayeweza kutabiri. Sawa kabisa.

Ila kilichotoka nje kilikuwa kitu kingine. De Bernardinis alihojiwa na televisheni, na mahojiano yale yalirekodiwa kabla hata kikao hakijaanza. Akasema jamii ya wanasayansi inamhakikishia kwamba hakuna hatari, kwa sababu kuna nguvu inaendelea kutoka kidogo kidogo, kwa hiyo hali ni nzuri. Mwandishi akamuuliza kwa utani, basi sisi tukanywe glasi ya mvinyo tutulie? Akajibu ndiyo kabisa, akautaja na mvinyo wenyewe, Montepulciano, ule wa kwao huko huko mkoani Abruzzo.

Hiyo ya mvinyo ndo watu wameikumbuka, ila kwangu mimi dhambi kubwa ni ile ya "nguvu inatoka kidogo kidogo". Hii imani iko kila mahali, hata kwetu utasikia mtu anasema bora litikisike kidogo kidogo lipungue. Inaingia akilini kirahisi kwa sababu tunafikiria sufuria lenye mfuniko, mvuke ukitoka halilipuki. Hesabu zinakataa. Kipimo cha ukubwa wa tetemeko hakiendi kama ngazi za kawaida, ukipanda namba moja, tuseme kutoka 4 kwenda 5, nguvu inazidi kama mara 32, ukipanda mbili inazidi mara 1,000. Ili upunguze nguvu ya 6.3 kwa kutumia matetemeko ya 4.1 kama lile la Machi 30 ungehitaji kama 2,000 hivi. Elfu mbili! Wao walikuwa wamepata moja la saizi hiyo na vitoto. Ni sawa na kudaiwa milioni mbili unalipa buku alafu unatangaza deni limepungua.

Na mbaya zaidi ukweli uko upande wa pili kidogo. Vitetemeko vidogo haviondoi hatari, vinaiongeza. Sio sana, ila vinaiongeza. Kwa wastani wa dunia, tetemeko lolote likitokea kuna uwezekano wa kama 5 au 6 kwa 100 kwamba ndani ya siku chache patafuata kubwa zaidi hapo hapo jirani, na kwa yale makundi ya mitetemo ya Italia uwezekano wa kupata la kuua ni mdogo kuliko hapo. Maana yake mara nyingi sana haitokei kitu. Hapo ndo pagumu. Ukimwambia mtu hatari imepanda mara nyingi kuliko jana atakimbia, ukimwambia uwezekano bado haujafika hata mbili kwa mia atalala, na zote mbili ni kauli za kweli kuhusu usiku ule ule.

Hivyo basi swali, tetemeko linaweza kutabiriwa? Kwa maana ya wapi lini na kiasi gani, hapana, mpaka leo hapana. Wachina walihamisha watu Haicheng Februari 4, 1975 masaa machache kabla ya 7.3 na wakaokoa watu wengi, sifa zao wanazistahili, lakini kilichowasaidia zaidi ni kwamba pale kulitangulia mitetemo midogo ya wazi wazi, alafu mwaka mmoja na nusu baadae, Julai 28, 1976, Tangshan ikapigwa bila onyo, hesabu rasmi watu zaidi ya 240,000. Wamarekani walisema Parkfield kule California itatikisika kabla ya 1993, wakatandaza mashine kila kona, likaja 2004, na mashine zote zile hazikuona dalili ya maana. Hata vyura wa Italia wana utafiti wao, kuna bwawa kilomita 74 kutoka L'Aquila ambako vyura dume walitoweka siku tano kabla, ni kweli imeandikwa, ila hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akasema vyura hawapo tuhameni. Kinachowezekana ni kusema hatari ya eneo kwa miaka thelathini au hamsini, na kusema wiki hii uwezekano umepanda kiasi fulani. Na Japani wanatuma onyo la sekunde chache, lakini hilo ni baada ya tetemeko kuanza, wanashindana nalo mbio, huko sio kutabiri.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema litatokea. Sasa mbona hakuna aliyeuliza swali la upande wa pili, kama huwezi kusema litatokea, unaweza vipi kusema halitatokea? "Hakuna hatari" nao ni utabiri. Una mahali, L'Aquila. Una muda, siku hizi. Una ukubwa, sifuri. Giuliani aliripotiwa polisi kwa kutabiri bila ushahidi, na siku mbili baadae serikali ikakaa mbele ya kamera ikafanya kitu kile kile, tofauti ni kwamba wa kwake ulitisha wa wenzake ulipendeza. Ule wa kutisha ukikosea watu wanalala kwenye gari wanaamka na mafua. Ule wa kupendeza ukikosea ndo hayo mnayoyajua.

Kesi ilianza Septemba 2011. Mwendesha mashtaka Fabio Picuti alisema tangu mwanzo kwamba hamshitaki mtu kwa kushindwa kutabiri, anajua haiwezekani, anawashitaki kwa kuchambua hatari juu juu na kuwapa watu taarifa pungufu na zinazopingana. Magazeti ya nje hayakusikia. Wanasayansi elfu kadhaa duniani wakasaini barua za kupinga, stori ikawa Galileo, yule mwanasayansi wa kale wa Italia aliyeshitakiwa kwa sayansi yake, amerudi mahakamani. Na mi naelewa hasira yao, maana Oktoba 22, 2012 jaji Marco Billi aliwatia hatiani wote saba kwa kuua bila kukusudia, miaka 6 kila mmoja, wakati mwendesha mashtaka mwenyewe alikuwa ameomba 4. Kesho yake mwenyekiti wa tume wa wakati huo, Luciano Maiani, mwanafizikia mkubwa, akajiuzulu kupinga.

Lakini ukiingia ndani ya kesi unakuta kitu ambacho ni nadra sana kuona mahakamani. Jaji hakuhesabu maiti zote 309, alishughulika na vifo kama 29 ambavyo familia ziliweza kuonyesha kwamba marehemu alikuwa na desturi ya kutoka kila ardhi ikitikisika, na kwamba safari ile alibaki. Mtaalamu wa anthropolojia, Antonello Ciccozzi, ambaye ni mtu wa L'Aquila, akaelezea mahakama jinsi ile desturi ya blanketi na gari ilivyokuwa inaishi, na jinsi neno la mtu mwenye cheo cha sayansi linavyoweza kuifuta ndani ya siku chache. Daktari mmoja wa upasuaji alipoteza mke na binti yake. Walitikiswa usiku ule mara mbili, wakajadiliana, na kwa sababu ya yale waliyoyasikia wiki ile wakabaki ndani. Baba yake enzi zile angewatoa wote nje bila mjadala.

Hapo ndo naposhindwa kuwa upande wa wale waliosema kesi yote ni upuuzi. Sayansi haikuingia kwenye mji usiojua kitu ikashindwa kuusaidia. Iliingia kwenye mji wenye akili yake ya miaka mia saba, ikainyang'anya, na badala yake ikaacha glasi ya mvinyo.

Ila pia sikubaliani na ile hukumu ya kwanza. Kumtia hatiani Selvaggi au Eva kwa maneno ambayo hawakuyasema kwenye kamera, maneno ambayo yalirekodiwa hata kabla hawajakaa kwenye kiti, hiyo ilikuwa kuwabeba watu wote kwenye kapu moja. Kosa lao, kama lipo, ni kunyamaza. Walitoka kikaoni, taarifa ya "hakuna hatari" ikasambaa jioni ile na siku zilizofuata, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kwenye kituo cha TV akasema jamani hatukusema hivyo. Boschi alirudi zake Roma. Kunyamaza ni kosa la aina gani kisheria? Mahakama ya rufaa Novemba 2014 ikajibu kwamba sio jinai, ikawaachia sita, akabaki De Bernardinis peke yake, kifungo kikapunguzwa mpaka miaka 2 ya nje. Novemba 2015 mahakama ya juu kabisa ikakubali hivyo hivyo. Hakuna aliyelala jela hata siku moja kwa kesi hii. Yule aliyesema ndo akabeba, na kwa maoni yangu walipatia, ingawa Bertolaso aliyepanga shughuli nzima hakuwemo hata kwenye orodha ya wale saba.

Kuna kitu kingine ambacho hii vita ya wanasayansi na mahakama ilikifunika, nacho ni nyumba. Tetemeko la 6.3 ni kubwa lakini sio la kufuta mji. Tokyo wangelisikia, wangesimama, wangeendelea na kazi. L'Aquila liliangusha jengo la ofisi ya mwakilishi wa serikali, lile ambalo ndo lilitakiwa kuongoza uokoaji. Hospitali ya San Salvatore, ambayo ilikuwa mpya mpya haina hata miaka kumi tangu ifunguliwe, ikapasuka wakalazimika kutoa wagonjwa nje. Na lile bweni la wanafunzi lilikuwa na kesi yake ya pembeni, wataalamu wa ujenzi waliohusika na ukarabati wake wakatiwa hatiani, na ile kesi haikupata hata robo ya kelele za dunia. Hata huku kwetu ni hivyo hivyo. Bukoba Septemba 10, 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ukubwa 5.9, hapakuwa na vitetemeko vya kutangulia miezi mitatu wala hapakuwa na jamaa wa redoni, na watu zaidi ya 15 walikufa, wengi kwa sababu ya kuta za matofali yasiyo na chuma wala mkanda. Tarehe ya tetemeko hakuna anayeijua ila ukuta utakaoanguka unaweza kuuona leo ukiwa umekaa sebuleni.

Watu huniuliza, sasa walitakiwa kusema nini? Maana ni rahisi kulaumu ukiwa umekaa miaka mingi mbele na matokeo unayajua. Kweli. Mi sidhani walitakiwa kuhamisha mji. Mwaka 1985 Italia hiyo hiyo, kule Garfagnana, waziri aliyekuwa anahusika na maafa, Zamberletti, alihamisha maelfu ya watu kwa onyo la wataalamu, tetemeko halikuja, akachunguzwa kwa kuzua taharuki. Kwa hiyo ukihamisha unashitakiwa, usipohamisha unashitakiwa, hilo nalijua. Lakini kati ya kuhamisha mji na kunywa mvinyo kuna nafasi kubwa sana. Ungeweza kusema: hatujui, uwezekano ni mdogo ila umepanda kuliko kawaida, nyumba zetu nyingi ni za zamani na hazijaimarishwa, wewe uliyezoea kulala nje endelea, tutafungua viwanja na kumbi. Dakika moja ya televisheni inatosha kusema hayo. Baada ya maafa serikali yenyewe iliita tume ya kimataifa ikiongozwa na Mmarekani Thomas Jordan, na ripoti yao ya 2011 ilisema karibu hayo hayo kwa lugha ndefu, kwamba watu wapewe uwezekano ulivyo, mara kwa mara, hata ukiwa mdogo, sio kusubiri hofu izagae ndo mtu atumwe kuipoza.

Na ile sentensi ya Boschi, kwamba uwezekano hauwezi kuondolewa kabisa, ilikuwepo. Ilitamkwa mezani Machi 31 mbele ya watu wote wale. Iko kwenye muhtasari rasmi wa kikao, ukurasa upo unasomeka. Muhtasari wenyewe ulisainiwa Aprili 6, baada ya nyumba kuanguka.